Pumba za mpunga tunazichoma bure

Mhariri salaam, naomba kanafasi kidogo. Mimi nalima Misungwi, shamba la marehemu baba, mahindi na mihogo mwaka hadi mwaka bila kulipumzisha maana eneo lenyewe ndo hilo hilo tumeshagawana, na udongo wetu ni luseni, ule mchanga mchanga, ukiweka mbolea ikija mvua moja kubwa imeshazama chini huko.

Sasa ukipita kwenye mashine za kukoboa mpunga unakuta milima ya pumba, inachomwa tu, moshi mpaka barabarani. Jamani ile ndo ya kutengenezea bayocha, yaani makaa ya kurutubisha udongo! Unawasha moto ndani ya debe lililotobolewa matundu lenye bomba la moshi, unazungushia pumba, zikishakuwa nyeusi unamwagia maji fasta kabla hazijawa majivu. Majivu ni kitu kingine kabisa, watu wanachanganya hapo. Makaa yale yana vitundu vidogo vidogo vinashika maji na mbolea visikimbie, na asidi ya udongo inapungua.

Ila msiyamwage makavu shambani kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, mahindi yakawa ya njano, kumbe makaa mapya yanafyonza naitrojeni. Changanya na samadi ya ng'ombe wiki kadhaa (na huku Usukumani samadi tunakosaje?) halafu weka kwenye mashimo ya kupandia.

Na msikate miti kwa ajili ya hii, pumba na mabua yanatosha. Maafisa ugani wetu mbona hili hamlisemi?

Mkulima, Misungwi