Shemeji, jiwe la milimita 14 halitoki kwa bia

Shemeji, salaam.

Dada ameniambia uko kwenye foleni ya Tunduma na huenda ukalala hapo siku kadhaa, kwa hiyo muda wa kusoma unao. Barua hii ya jiwe lako la figo naiandika hadharani kwa sababu kwenye simu kila tukifika kwenye upasuaji mtandao wako unakatika, hata ukiwa Mbeya mjini. Jina lako silitaji. Madereva wenye ripoti za aina hii zimekunjwa kwenye dashibodi ni wengi, nao wasome.

Ripoti nimeiona. Jiwe milimita 14, figo ya kulia, limekaa pale figo inapomwagia mkojo kwenye mrija, na figo yenyewe imeanza kuvimba. Hapo ndipo pa kusoma mara mbili. Wewe umeshika mstari wa chini, kwamba kipimo cha damu kiko sawa, na kwa kuwa tangu kabla ya Pasaka hujabanwa tena, umejihesabu umepona.

Maumivu siyo kipimo, shem. Siku ile ya Mikumi, uliposhuka ukapiga magoti kwenye lami umekumbatia tairi la mbele, utingo akidhani umepagawa, mkojo ulikwama ghafla na figo ikatanuka kwa nguvu. Lakini figo ikikaa imetanuka muda mrefu, presha ya ndani hushuka, maumivu yakapungua au yakaisha kabisa, na jiwe liko palepale. Wewe mwenyewe ungemcheka dereva anayeshangilia taa ya joto kuzimika wakati redieta bado inavuja. Na hicho kipimo cha damu kinaweza kuwa kizuri kwa sababu figo ya kushoto inabeba kazi ya zote mbili. Ya kulia inaweza kufa polepole bila kreatinini, ule uchafu unaopimwa kwenye damu, kupanda sana. Ndiyo maana sikuulizi tena kama unaumwa. Nakuuliza utapima lini tena huo uvimbe.

Ile chupa uliyouziwa stendi, ya kuyeyusha mawe, sina ugomvi na aliyekuuzia, naye anatafuta riziki. Ila hesabu haikubali. Mrija wa kutoka figo kwenda kibofu una upana wa milimita 3 au 4 hivi. Jiwe lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe ukinywa maji na kuvumilia, na huyo jamaa yako wa Chalinze anayeapa kwamba bia ilimsukumia jiwe, huenda lake lilikuwa dogo na lingetoka hata kwa uji. La 14 halipiti. Kuyeyuka nako, yanayoyeyuka kwa dawa ni yale ya asidi ya yuriki, tena kwa dawa ya hospitali ya kupunguza ukali wa mkojo. Hayo kwa kawaida hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Lako lilionekana jeupe kabisa, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni la kalsiamu, na hilo halina dawa ya kuliyeyusha, ya chupa wala ya kopo.

Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, punguza. Jiwe likibana ni dawa nzuri, nami ilinisaidia sana. Kuitafuna kila safari ili mgongo usisumbue, wakati figo moja imeziba, ni kuiongezea figo mzigo.

Sasa tuongee unachokiogopa. Najua ni lile kovu la marehemu mzee wako, lililoanzia mgongoni chini ya mbavu likazunguka mpaka karibu na kitovu. Nililiona siku tulipomleta dada kwenu, amekaa uwanjani kifua wazi. Mzee alipasuliwa kwa njia ya zamani, na miaka ile kwetu ilikuwa karibu ndiyo njia pekee. Huko Ulaya mambo yalikuwa yameanza kubadilika: mwaka 1976 Sweden walitoa jiwe kwa kupitisha chombo kwenye tundu dogo mgongoni, na mwaka 1980 huko Munich, Ujerumani, wakavunja jiwe la mgonjwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili bila kumgusa na kisu. Njia hizo zimeshafika kwenye hospitali zetu kubwa, na kisu cha mzee sasa kimebaki kwa wachache wenye mawe magumu mno au makubwa yaliyojaa figo nzima.

Kwa jiwe la ukubwa wako daktari atakutajia njia mbili au tatu. Mawimbi ni mepesi, mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo, ila jiwe gumu halivunjiki vizuri, unaweza kurudiwa mara mbili tatu, na vipande vikishuka vinaweza kukwama njiani. Tundu la mgongoni linasafisha vizuri zaidi, hasa mawe yanayozidi milimita 20, lakini damu inaweza kutoka zaidi na utalazwa. Leza inaingia kwa njia ya mkojo, hukatwi popote, daktari analifuata jiwe mpaka lilipo na kulisaga. Mimi nilifanyiwa leza, nikiwa nusu kaputi, na ningeichagua tena. Usiifuate kwa sababu yangu, langu lilikuwa dogo kuliko lako na lilikaa chini zaidi.

Ambalo hakuna aliyeniambia vizuri ni stenti. Ni kimrija laini kinachoachwa ndani, kutoka figo mpaka kibofu, kimejikunja pande zote mbili kisichomoke. Kuamka na mpira wa mkojo si kitu, unatolewa mapema. Stenti ndiyo inakukera. Ukikojoa, maumivu yanapanda mpaka ubavuni, umebana ukuta kwa mkono, na ukimaliza unahisi bado. Ukitembea sana mkojo unakuwa mwekundu. Daladala ikipita tuta unajua. Kwa hiyo usipange kupanda mlima wa Kitonga nayo, pumzika mpaka itolewe. Na tarehe ya kuitoa iandike, mpe na dada aiandike, maana stenti ikisahaulika ndani nayo inaota mawe, na kuitoa inakuwa kazi kuliko jiwe la kwanza.

Suala la bosi kumpa gari mtu mwingine nalielewa, na sitajifanya ni dogo. Wapwa zangu wanasoma kwa hilo gari. Lakini kupanga wiki chache unazozichagua mwenyewe, ukamwambia mapema, ni tofauti na kuanguka Kasumbalesa na mzigo wa watu. Bima yako ulizia kabla, njia ipi wanalipia na ipi hawalipii, wasije wakakushtukiza dirishani.

Kuna jambo moja tu ambalo sitaki tujadiliane. Ukiwa na jiwe limeziba kisha ukapata homa na kutetemeka, usimeze dawa ya mseto ukajiambia ni malaria ya njiani. Mkojo uliokwama ukiingia vijidudu unaua, tena haraka. Paki gari, nenda hospitali iliyo karibu, na ukifika mlangoni sema kabla hawajakuuliza: nina jiwe limeziba figo, na nina homa. Hapo hata upasuaji wa jiwe unasubiri, kinachotakiwa kwanza ni kuuondoa huo mkojo, na antibayotiki.

Maji najua huyapendi kwa sababu ya kusimama simama. Kushinda na kiu kutwa nzima ndani ya kabini ile, halafu jioni nusu kilo ya nyama na chumvi ya kumwagia, ndiko kulikokufikisha hapa kwa sehemu kubwa. Takribani nusu ya wanaougua mawe hurudiwa ndani ya miaka 10, kwa hiyo hata likitolewa, lengo ni kukojoa lita 2 na nusu kwa siku, mkojo uwe karibu na rangi ya maji. Karanga na mchicha kula kwa kiasi. Maziwa usiache, walikudanganya; kalsiamu ya chakulani hushika oksaleti, ile ya kwenye karanga na mchicha inayotengeneza mawe, tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Kliniki ya daktari wa njia ya mkojo ni Alhamisi, dada ameshakuchukulia namba ya wiki ijayo. Njoo na CD ya kipimo, siyo karatasi peke yake, maana daktari atataka kuliangalia jiwe mwenyewe na kuona ugumu wake. Ile aspirini ndogo uliyoandikiwa wakati wa presha, mwambie unaitumia. Na mkojo wapeleke kupima kabla ya siku ya upasuaji, wakikuta maambukizi wayatibu kwanza. Mimi nitakuwa pale getini saa moja asubuhi. Ukichelewa nitaanza kunywa chai bila wewe, na utalipa.