Dada yangu, usishuke tena njiani

Salaam aleikum dada, habari za Bombo, watoto hawajambo? Meseji yako nimeisoma jana usiku nikairudia tena asubuhi, hasa pale unaposema siku hizi kuja Kampala hutaki hata kusikia, kwamba taksi ikifika Kawanda tu moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, unamwambia konda simamisha nashuka. Na daktari kapima presha, kapima moyo na damu, kasema huna kitu. Ukaumia, ukaona kama anasema unajifanya.

Hujifanyi dada. Mimi naishi na hiyo kitu miaka sasa na ni ugonjwa kabisa, daktari aliposema moyo mzima alisema kweli ila angemalizia, angekuambia huu ni wasiwasi uliozidi na una matibabu. Mwili ukishtuka unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, unaanza kupumua harakaharaka, na ukipumua hivyo kaboni dayoksaidi inapungua sana kwenye damu, ndo maana ya ile ganzi na kizunguzungu. Unahisi hewa imekuisha kumbe umevuta nyingi mno! Kwa hiyo wale wanaokuambia vuta pumzi, vuta pumzi, hawakusaidii, wewe toa. Toa polepole kwa mdomo kama unapoza chai, iwe ndefu kuliko ulivyovuta. Mimi hufanya hivyo nikiwa nimebanwa kiti cha nyuma, jamu ya Bwaise haisogei, jasho linanitoka, mkono nimeshika chuma cha kiti cha mbele nasikia ubaridi wake, na mara nyingi ndani ya dakika kama 10 ile hali inafika juu kabisa halafu inaanza kushuka. Inashuka yenyewe, hata usipofanya kitu. Hilo ndo nataka ulishike kuliko yote.

Maana ukishuka Kawanda unapata nafuu pale pale, sikatai, lakini akili inajua umepona kwa sababu umeshuka, basi safari nyingine itakutisha mapema zaidi, Matugga, mwisho itakukuta hapo hapo stejini Bombo gari halijajaa.

Na vile vidonge vya Valium jirani alivyokununulia duka la dawa, tafadhali usivizoee. Vinatuliza kweli, ila ukimeza kila siku mwili unavitegemea, na kama umeshavitumia muda usikate ghafla, ni hatari, mwambie daktari akupunguzie. Kuna dawa zingine ambazo zinachukua wiki kadhaa mpaka zifanye kazi, na kuna kukaa na mshauri mkaongea, mimi hiyo ndo imenisaidia sana.

Najua nikitaja Butabika, ile hospitali ya magonjwa ya akili, utaruka. Jina tumeligeuza tusi, mtu akikasirika anakuambia nenda Butabika, na inaniuma kwa sababu watu wanateseka miaka wakiogopa jina tu. Ni hospitali ya serikali tangu 1955, na wengi wanaenda asubuhi, wanaonwa, jioni wako nyumbani wanapika. Hata hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha akili. Mama akisema ni majini mwache akusomee dua, dua na daktari havigombani.

Sasa Jumamosi usije Kampala. Panda taksi uishie Matugga, basi, nitakuwa stejini nakungojea, tutakunywa chai (ya maziwa, isiwe kali, majani mengi yanazidisha moyo kudunda) halafu nitapanda nawe tukurudishe. Tukizoea hapo twende Kawanda, kisha Kawempe, Wandegeya itafika tu. Ikikujia ndani ya gari iache ije, usimwite konda, nipigie mimi. Sitakuambia tulia, najua hilo neno linavyokera, nitakaa kwenye simu mpaka ipite hata kama hatuongei.

Nijibu kama saa nne ni sawa au nije mapema, na uniambie vile vidonge umemeza kwa muda gani.

Ni mimi ndugu yako.