Mlipeni fundi, msimpe mtoto sanduku tu

Mhariri,

Ile picha mliyoitoa wiki jana, ya kijana aliyekumbatia sanduku jipya la vifaa vya useremala, nimeikata na kuibandika ukutani karakanani kwangu. Maelezo yenu yanasema ametoka kwenye kundi lenye silaha, amesomeshwa useremala kwa miezi mitatu, na sasa "ameanza maisha mapya". Ndani ya sanduku naona msumeno, nyundo, patasi mbili, futi kamba na randa ya chuma. Randa ya aina hiyo naijua. Niliwahi kuinunua kwa kijana mmoja soko la Kadutu, dola tano, ikiwa bado na mafuta ya dukani. Nikamuuliza, mbona unaiuza? Akaniambia, "Sasa fundi, nitaranda nini?"

Mbao hakuwa nazo. Meza hakuwa nayo, wala mteja. Miezi mitatu inamtosha mtu kujua jina la kila chombo na kuharibu mlango mmoja au miwili. Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, sijaona mzazi atakayempelekea kijana wa miezi mitatu kazi ya kitanda cha arusi ya binti yake, hata kama kijana huyo hajawahi kushika bunduki maishani.

Nasema hivi kwa kuwa mimi ni kadogo, yaani niliyekuwa askari mtoto. Mwishoni mwa 1996 waasi wa AFDL, wa Laurent-Désiré Kabila, walipoingia Bukavu nilikuwa na miaka 12. Nilivishwa mabuti ya mpira yaliyonipwaya, nikatembea nayo sehemu kubwa ya nchi hii. Mei 17, 1997 Kinshasa ilipochukuliwa, watu walitoka barabarani kutushangilia. Hata hilo neno kadogo walilotupa ni la nyumbani kabisa, la mama anayemwita mwanawe aje kula. Limechafuka sasa. Januari 2001 Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake, naye alikuwa kadogo, na tangu hapo sisi tuliotoka Kivu tukawa watu wa kutazamwa mikono. Amri ya kututoa jeshini ilikuwa imetiwa saini tangu Juni 2000. Mimi nilitoka 2002, nikiwa Lubumbashi, na karatasi yangu ya kuachiliwa nikaishona ndani ya mfuko wa plastiki. Anayedharau karatasi hiyo hajasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na askari anayemwita mtoro.

Sanduku sikupewa. Nilipata mzee mmoja mwenye karakana mtaa wa Kenya (ndiyo, Lubumbashi ina mtaa unaoitwa Kenya, wasomaji wenu wa Nairobi wasishtuke), aliyenipokea kwa kuombwa na mama mmoja wa kanisani kwake. Wiki za kwanza nilikuwa hasara tupu. Usiku silali, mchana nasinzia juu ya ubao. Mzee akiniambia kwa upole, "Nipe ile patasi, mwanangu," nilikuwa namtazama tu. Mwili wangu ulikuwa umezoea kuinuka kwa kufokewa. Siku moja mwanafunzi mwenzangu, mkubwa kwangu kidogo, alinituma maji nikampiga kichwa mpaka akatoka damu. Nikiwa na miaka 14 nilikuwa naamrisha wazee wabebe mizigo ya kikosi, wakabeba. Leo huyu ananituma maji?

Mzee alimpeleka yule kijana akashonwe, akalipa mwenyewe. Jioni hakunihubiria. Alisema, "Wewe si hulali usiku? Basi lala hapa karakanani, unilindie mbao." Akanipa mkeka na tochi. Lile zoea la lindo lililokuwa linanitesa akaligeuza kazi, na kwa kuwa nilikuwa na ruhusa ya kukesha, baada ya miezi kadhaa nikaanza kupitiwa na usingizi. Hakuniuliza kamwe niliua wangapi. Alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Nilikaa kwake miaka mitatu. Niliharibu mbao za mninga, na mninga si mti wa kuchezea, bei yake mnaijua. Bugali wa kila mchana ulitoka kwake. Nisichokisahau ni kwamba hakuna shirika wala serikali iliyompa hata faranga moja. Fedha zilikuwepo, zilipita juu yake zikaenda kwenye masanduku, semina na fulana.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa miradi hii ni moja. Mlipeni fundi. Mlipeni miaka miwili, kidogo kidogo kila mwezi, kwa chakula cha mtoto na kwa mbao atakazoharibu, na mwende kuangalia bila kupiga hodi kama mtoto anafundishwa kweli au anasombeshwa maji. Sanduku apewe siku anayoondoka.

Tena kuna jambo la usalama. Makamanda wakianza kukusanya watu upya, na huku kwetu wameanza mara ngapi, wa kwanza kutafutwa ni yule aliyewahi kushika silaha, kwa sababu hana haja ya kufundishwa. Fundi anajua saa mbili asubuhi kwamba kijana wake hajafika. Atatuma mtu nyumbani kwao. Sanduku halitumi mtu.

Katika makala yenu sikuona msichana hata mmoja. Sishangai. Miaka ile ya mwanzo aliyetaka kuandikwa kwenye mpango wa kuachiliwa alitakiwa aje na bunduki, na wasichana wengi walikuwa wamebebeshwa masufuria, mizigo na mimba. Walirudi usiku kwa mlango wa nyuma, mtoto mgongoni, na mtaa ukawapa jina la bibi wa waasi. Karibu na karakana yangu yupo mmoja, ana cherehani ya kukodi. Anashona vizuri kuliko wenzake wote wa mstari ule, lakini wapo wanaompita kumpelekea kitambaa wa mbali. Hata kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, Thomas Lubanga, mkuu wa kundi lenye silaha, alipotiwa hatiani Machi 14, 2012 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani kule Ituri, mashtaka hayakugusa ukatili wa kingono waliotendewa wasichana. Fidia ya dola milioni 10 ikaja kupangwa Desemba 2017, kwa mambo ya 2002 na 2003. Aliyekuwa na miaka 12 wakati wa vita alikuwa na 27 siku fidia inatajwa, na alikuwa bado hajaishika mkononi. Mtoto hakui kwa kufuata kalenda ya mahakama.

Mwandishi wenu akimpata yule kijana wa kwenye picha, amwambie nina meza ya tatu haina mtu. Namba yangu mnayo. Aje na lile sanduku, na kama randa ameshaiuza, aje hivyo hivyo. Ninayo moja ya dola tano.

Fundi seremala,
Kadutu, Bukavu
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)