Kwa mdogo wangu uliyehamia Kisumu: Jumapili twende Kibuye

Mdogo wangu,

Tangu uhamie huku nakusikia ukisema mboga unaletewa na boda boda hadi mlangoni, zimeshakatwa na kufungwa, na kwamba sokoni kuna vumbi, kelele na kusukumana. Vumbi lipo, sikatai. Lakini kuishi Kisumu bila kuingia soko la Kibuye ni hasara, na sisemi hasara ya pesa tu. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wengi walioletwa hapa na kazi wanaishi kama wewe.

Kibuye iko kando ya barabara ya Jomo Kenyatta, ukielekea Kondele. Biashara ipo kila siku ila Jumapili ndiyo siku kuu, soko linafurika hadi unashindwa kujua linaishia wapi. Hapo utakuta ndizi za Kisii, viazi vitamu vya Kabondo, mchele wa Ahero na vitunguu vilivyovuka mpaka wa Isebania kutoka Tanzania. Mitumba na fanicha pia zipo. Hizo tutazirudia siku nyingine, maana ukianza na mitumba hutafika kwenye mboga.

Nataka nikupeleke moja kwa moja kwa akina mama wa mboga za kienyeji. Wametandika magunia chini na kupanga mafungu: osuga, dek, apoth, mitoo, majani ya kunde. Ukiwa hujui Kijaluo usijali, osuga iite managu, dek iite saga, apoth iite mrenda, utaelewana nao vizuri tu.

Yule ninayenunua kwake saga huvunja bua moja mbele ya macho yako. Likikatika kwa mlio, saga imechumwa alfajiri hiyo. Likipinda tu, imelala. Ikiwa imeanza kutoa maua atakwambia mapema kwamba uchungu umezidi na utahitaji maziwa mengi. Halafu anakupa mapishi bila kuombwa. Chemsha saga na managu pamoja, mwaga maji ya kwanza kama hupendi uchungu, tia maziwa, uache zilale usiku kucha, kesho uzichemshe tena kwa maziwa mengine. Siku ya pili au ya tatu ndipo uchungu unatulia na maziwa yanashikamana na majani. Mrenda hauna haja ya safari hiyo yote. Uchanganye na majani ya kunde, utie munyu kidogo, yale maji yaliyochujwa kwenye majivu, ulainike na kuteleza vizuri na ugali. Mfuko ule unaoletewa mlangoni haukuambii lolote kati ya haya, na ndiyo maana managu yako yalikushinda ukasema ni machungu.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizi, zilizodharauliwa kama magugu na chakula cha maskini, zina vitamini A na madini ya chuma. Nafurahi sana kwamba kuna msomi aliyezitetea. Wauzaji wenyewe nao wana elimu yao. Mama aliyejifungua juzi akipita pale hawezi kuondoka bila kushauriwa abebe saga.

Ukitoka kwenye mboga, twende kwa omena, wale dagaa wa ziwani. Chota kiganja kimoja uzisugue taratibu. Ukibaki na mchanga mkononi, ujue zilianikwa chini. Zikiwa safi, kavu na zinang'aa, zilianikwa juu ya nyavu. Na kuna jambo moja ambalo duka la mjini halitakufundisha kamwe: omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, mavuno yanapungua na bei inapanda. Ukishazoea soko utaanza kutazama mwezi kabla ya kupanga bajeti ya wiki. Ngege (tilapia) wabichi mimi huwafuata Dunga, ziwani kwenyewe, asubuhi na mapema, ila hiyo ni barua nyingine.

Kwenye rafu za supamaketi kila mwezi ni sawa. Sokoni mvua za masika zikishika, mafungu yananenepa na bei inashuka. Kiangazi cha Januari na Februari kikibana, fungu linakuwa dogo na muuzaji anakueleza shamba lake lilivyokauka. Kuna majira ya kumbikumbi, kuna majira ya uyoga. Napenda kula nikijua nchi iko katika hali gani.

Kuhusu bei, usiogope kupatana, na usikandamize pia. Mtu aliyeamka saa tisa usiku kufuata lori la mboga hastahili kuvutwa kwa shilingi tano. Omba nyongeza badala yake, utapewa kwa moyo. Mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo 2. Utazame chini uone haujabonyezwa. Kiazi kitamu kivunje ncha: kikitoa utomvu mweupe, hakijakaa sana tangu kichimbwe.

Rudi kwa mtu yuleyule. Hiyo ndiyo raha yenyewe ninayokuombea. Baada ya muda atakuwekea fungu zuri chini ya gunia, na usipoonekana atauliza kama uko mgonjwa.

Basi Jumapili hii nitakupitia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vaa viatu vya kufungwa, mvua ilinyesha juzi na kule nyuma kuna matope. Beba kikapu kikubwa, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na uje na pesa zilizovunjwa. Maziwa ya saga nitanunua mimi.

Dada yako