Mzanzibari si kanzu na "yakhe" tu

Mhariri,

Mimi mzaliwa wa Malindi, Unguja, na huu mwaka wa 20 naishi Magomeni. Filamu nyingi za Bongo hunichosha pale Mzanzibari anapovalishwa kanzu na kofia, kisha akatamka "yakhe" kila baada ya maneno matatu. Hata Darajani sokoni hatusemi hivyo!

Ndiyo maana naisifu filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Wahusika wake wakuu, Yasmin na Denge, ni watu wa Mjini Unguja hasa: Mhindi na Mwafrika mtaa mmoja, siasa za miaka ya 1950 na taarabu humohumo. Ufukwe wa watalii haukupewa nafasi ya kututawala.

Lakini bado nina hamu. Kwetu muuza kahawa husikika kabla hajaonekana, anavyogonganisha vile vikombe vyake vidogo, na wazee barazani huanza kusogezeana nafasi. Nani atainasa sauti ile? Waongozaji, kaeni barazani wiki moja kabla ya kuwasha kamera. Na tafadhali, Mpemba msimpe lafudhi ya Mjini.

Mzaliwa wa Malindi,
Magomeni, Dar es Salaam