Nyuso za Balkenhol si baridi

Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya sanaa amezilaumu sanamu za Mjerumani Stephan Balkenhol kwa ubaridi, eti nyuso zake hazioneshi furaha wala huzuni. Kwa maoni yangu, hilo analolihesabu kuwa kasoro ndilo mchongaji huyo alilolikusudia.

Balkenhol, aliyezaliwa mwaka 1957 mjini Fritzlar, alisomea Hamburg chini ya Ulrich Rückriem, bingwa wa kupasua mawe na kuyaacha yabaki mawe. Katika Ujerumani Magharibi ya wakati ule, kuchonga mwili wa binadamu kulitiliwa shaka, kwa kuwa utawala wa Hitler ulikuwa umeyatumia majitu yaliyotunisha misuli kuutangazia ulimwengu ukuu wake. Kijana huyo alilirudia umbo la mtu, lakini akamvua cheo na silaha, akamchonga mwanamume wa shati jeupe na suruali nyeusi, aliyesimama tu. Mara nyingi sanamu na kitako chake, yaani msingi inaposimama, hutoka katika gogo moja, aghalabu la wawa, mti laini wa Afrika Magharibi (jambo ambalo safu yenu haikuligusia), na alama za patasi huachwa zionekane pamoja na nyufa.

Mfano bora zaidi uko Leipzig. Mwaka 2013, mji huo ulipoadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa mtunzi wa muziki Richard Wagner, Balkenhol alikabidhiwa kitako cha marumaru ambacho mchongaji Max Klinger, aliyefariki mwaka 1920, alikiacha bila sanamu. Juu yake alimsimamisha Wagner kijana, mwenye kimo cha mtu wa kawaida, na nyuma yake akaweka kivuli cheusi kikubwa kinachofuata umbo la sanamu aliyoibuni Klinger. Ukuu wote umehamia kwenye kivuli. Uso wa kijana huyo ungetabasamu au kukunjamana, mtazamaji angekwisha kuambiwa amwoneje Wagner, mtu ambaye chuki yake dhidi ya Wayahudi inajulikana.

Nakubali kwamba yule mwanamume wa shati jeupe amerudiwa mno, na baadhi ya nakala zake ndogo hazinivutii. Hata hivyo, mkichapisha tena picha za kazi hizi, naomba ziwe za karibu, kwani ile ya safari hii ilipigwa kwa mbali na ikaficha kazi yote ya patasi.

Msomaji wenu,
Tanga