Msinunue bati kwanza

Utende, Mafia
14 Mei 2024

Shoga yangu Mwanahamisi,

Assalam alaykum. Mama mzima, hajaumia hata ukucha. Naanza na hilo maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Mimi na watoto wazima pia. Mbuzi wako wamebaki wanne, mmoja alikata kamba Jumamosi ile ya kimbunga na mpaka leo hajaonekana. Salamu nyingine tutapeana ukija. Nimekupigia mara tatu, sauti inakatika kila nikifika penye maneno, na haya ninayotaka kukueleza hayafai kusikika nusunusu. Barua nampa Salumu, anavuka kwenda Nyamisati kesho, ameahidi kukuletea Mbagala kwa mkono wake.

Jambo lenyewe ni hili. Kaka Juma amenitumia ujumbe kwamba mmechanga, mnataka kuezua paa lote la mama na kuweka bati jipya, geji 28, mgongo mpana, la rangi. Shoga, nakuomba, msinunue bati kwanza. Sisemi bati halikuharibika. Limeharibika, na nitakueleza lote. Lakini kilichonitisha mimi katika nyumba ile hakipo kwenye bati, na Juma akileta bati zito zuri akaligongomelea juu ya kile nilichokiona, mtakuwa mmemfunika mama kwa hatari ileile.

Unakumbuka marehemu baba yangu alivyokuwa akinipandisha juu nimshikie misumari, bibi yako akipiga kelele kwamba mtoto wa kike atavunjika kiuno? Basi juzi nimepanda tena, kwa ngazi ya msikitini, fundi Shomari akiwa nami. Tulikaa huko tangu asubuhi mpaka kuadhiniwa adhuhuri. Baba hakuwa akitia nyundo kwenye paa lililopigwa na upepo kabla hajalizunguka, juu na chini, nje na ndani, akajua kipi kimefanywa na upepo, kipi na mvua, kipi na kitu kilichoanguka, na kipi kilikuwepo zamani kabla ya yote. Nimefanya kama yeye.

Kimbunga Hidaya kilitufikia Jumamosi tarehe 4. Mamlaka ya Hali ya Hewa walikuwa wametangaza mapema, jina tulikwishalizoea redioni, lakini kusikia si kuona. Mzee Athumani anasema tangu alipohadithiwa kile kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952 hakudhani atakuja kuona chake mwenyewe. Upepo ulianza kwa kusini, na huko ndiko paa la mama lilikoumia.

Pembeni, juu ya baraza, mabati matatu hayapo. Tuliyakuta kwenye minazi ya kina Bi Tatu. Watu wanadhani upepo hulikandamiza paa. Hulinyonya, mwenzangu, hulivuta kwenda juu, na nguvu yake yote iko kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kofia, lile bati la kileleni. Ndiyo maana pembe hutoka kwanza na katikati hubaki. Niliyageuza yale mabati nikatazama matundu ya misumari, maana hapo ndipo penye habari. Tundu likiwa dogo na duara safi, msumari ndio uliochomoka kwenye papi, ule ubao unaopigiliwa bati: mbao imeoza, au msumari ulikuwa mfupi. Tundu likirefuka kama jicho, bati limekuwa likipigapiga muda mrefu. Likichanika kuwa mdomo, na msumari umebaki umesimama palepale kwenye papi, basi bati ni jembamba, limepenya juu ya kichwa cha msumari.

Bati la mama halina mdomo hata mmoja. Mawili yana matundu ya duara na moja lina macho. Nikaishika papi ya pembeni, kidole kikazama mpaka kwenye kucha, kama ninabonyeza mkate uliolowa. Na yale macho ukingo wake una kutu nyekundu. Mpasuko wa juzi hung'aa, au ukizidi unaota ukungu mweupe kwa hii hewa yetu ya chumvi. Nyekundu ni ya miezi mingi. Kwa hiyo lile bati lilikuwa likilegea tangu kusi ya mwaka jana au ya nyuma yake. Hidaya amelimalizia tu.

Juu ya kile chumba cha Juma kuna bonde la nazi iliyoanguka. Hilo halina utata: ni moja, limebonyea kwa kina, rangi imekatika kwenye mkunjo na chini yake papi imepasuka. Bati moja na papi moja, basi. Shomari alinieleza alivyoona Kahama, ile mvua ya mawe ya Machi 2015 kule Mwakata iliyoua watu zaidi ya 40. Huko, anasema, bati zilizobaki zilikuwa na vishimo vingi vya saizi moja, vimetapakaa upande mzima. Huku kwetu mvua ya mawe hatuijui, kwa hiyo mtu akikuonyesha bonde moja akakuambia bati zote zimekwisha, usimsikilize.

Sebuleni silingi bodi ina doa kubwa. Mama alisisitiza kwamba bati la juu yake limetoboka. Tukapanda, halina tundu. Tukafanya kama baba: Shomari akamwaga maji ndoo kwa ndoo, akianzia chini kabisa na kupanda taratibu, mimi nikiwa darini na tochi. Mara nne hakuna kitu. Alipofika kwenye kofia, nikaona uzi wa maji unaingia, unateremka na mbao ya kenchi, ile fremu inayobeba paa, kama mchwa kwenye njia yake, hatua tatu nzima, ndipo unadondoka penye doa. Kofia imeinuka kwa upande mmoja, misumari miwili imelegea. Ni kazi ya nusu saa.

Ila lile doa, Mwanahamisi, lina miviringo mitatu ya rangi ya chai, mmoja ndani ya mwingine. Doa la wiki moja lina mviringo mmoja. Nikamuuliza mama, akakiri: masika ya mwaka jana alikuwa akitega sufuria, na masika ya kabla yake pia. Alikuwa hataki kuwasumbua. Nami ninayepita mlangoni kwake kila siku sikuambiwa. Hilo limeniuma kuliko bati lote.

Sasa nirudi kwenye kile nilichokuambia mwanzo.

Nilipokuwa darini nilizima tochi nione kama kuna matundu mengine. Juu hakukuwa na mwanga wowote. Mwanga ulikuwa chini, kwenye ukuta wa kusini, juu ya chumba anacholala mama: mstari mrefu mwembamba wa jua kati ya tofali na ule ubao unaolala juu ya ukuta, ule unaobeba kenchi zote. Nikatambaa mpaka pale. Kwenye ubao kuna alama ya mbao nyeupe, safi, upana wa vidole viwili, sehemu iliyokuwa imefunikwa na saruji tangu nyumba ijengwe na sasa imetoka nje. Yaani paa lilinyanyuka, lote la upande ule, likarudi kukaa si mahali pake. Nikatafuta nondo, nikatafuta waya, nikatafuta ukanda wa chuma, chochote kinachofunga ule ubao na ukuta. Hakuna. Misumari minne tu imepigwa kwenye udongo wa saruji kati ya tofali, na yote imechomoka. Paa la mama miaka yote hii lilikuwa limekalishwa juu ya ukuta kwa uzito wake tu.

Ukiingia chumbani sasa, ukijua, unaviona vyote. Kuna ufa wa kulala kwenye plasta, vidole vitatu chini ya silingi, unakwenda ukuta mzima. Kuna chembe za saruji sakafuni kando ya ukuta, mama anazifagia kila asubuhi na kila asubuhi zipo. Silingi bodi imeachana pembeni. Na mama anasema saa ile upepo ulipokuwa mkali dirisha la kusini lilifunguka ghafla na "nyumba ikavuta pumzi". Ndivyo ilivyokuwa kweli: upepo uliingia ndani ukasukuma paa kutoka chini, na wa nje ukalivuta kutoka juu. Dirisha lingefunguka robo saa mapema, nisingekuwa ninakuandikia barua ya namna hii.

Ndiyo maana nasema msinunue bati. Masika yanakwisha. Tundu la mvua tunaweza kuliziba na turubai na lami, likangoja mpaka vuli. Kusi halingoji. Mwezi wa sita, wa saba, unajua linavyopiga hapa Utende, na hilo paa halijafungwa na kitu. Hela iliyochangwa iende kwanza hapo: kila kenchi ifungwe na ukanda wa chuma usioshika kutu, ukanda ushuke ukutani mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kuizunguka. Kufunga kwenye tofali mbili za juu hakusaidii, upepo utaondoka na tofali pamoja na paa. Plasta itabomolewa kidogo kidogo na kurudishwa. Papi ya pembeni yote ibadilishwe, misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni, na kwenye pembe iwe karibukaribu zaidi. Bati linalohitajika ni manne tu, na geji ileile ya zamani inatosha. Shomari amekubali kazi, anasubiri saruji ya Mjomba Ali aliyekwama Somanga barabara ilipokatika.

Najua Juma atasema fundi Shomari na mimi tunaogopa kazi kubwa. Nimempigia picha za ule ubao na alama yake nyeupe, nimeweka na kiganja changu pale aone upana. Nitazituma mtandao ukikaa sawa. Amwonyeshe fundi yeyote anayemwamini huko Dar.

Kuhusu mama: nimemwomba alale kwangu, amekataa. Anasema nyumba ikiachwa wiki moja inakuwa ya popo. Jana nimefanikiwa kumhamishia kitanda chumba cha kaskazini, upande ambao ukuta na ubao bado vimeshikana. Alinung'unika, akalala. Lakini ukivuma upepo usiku nakwenda kumchukua, atake asitake, na nakutaka wewe umwambie kwamba umeniruhusu.

Sasa nijibu haya, hata kwa Salumu akirudi. Nyumba ile iliezekwa mwaka gani hasa, kabla ya harusi yako au baada? Aliyeezeka ndiye yuleyule aliyewajengea jiko? Maana kama ndiye, na paa la jiko nalo lipandwe kutazamwa. Baba yako aliwahi kusema kama linta inazunguka nyumba nzima au iko juu ya milango tu? Hilo ni kubwa, ukuta wa kusini ukiwa hauna linta kazi inabadilika. Ule ufa wa plasta uliwahi kuuona ukiwa likizo, au ni mpya wote? Dada Pili anajua kwamba mama alikuwa akitega sufuria? Dawa za presha zimebaki za siku ngapi kwa hesabu yako, maana mama ananiambia nyingi na kopo naona jepesi? Na wewe utakuja lini, kabla ya mwezi wa sita au la? Ukija, utapanda pamoja nami ukaone mwenyewe?

Nikiwa naandika, mbuzi amerudi. Ana kamba shingoni na matope mpaka masikioni.

Wako,
Asha